Dada Asiyeonja

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, ndugu zetu wa Uganda wanaosali nasi hapa Gurei, pembeni mwa Juba, walibaki kanisani kumkumbuka Akello, ambaye alikuwa ameshazikwa kwao Gulu. Nilikaa kwenye benchi la karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, nikisikiliza. Mmoja alisema Akello alikuwa malaika. Mwingine akasema uji wake uliponya watu ambao madaktari walikuwa wamewakatia tamaa. Wa tatu, ambaye najua hakuwahi hata kufika bandari ya Juba miaka ile, akasimulia jinsi alivyomwona akiomba mpaka uso ukang'aa. Sisemi walidanganya. Nasema tu kwamba nilipata tena ile hali niliyokuwa nayo zamani nikilala naye chumba kimoja, ya kuhisi kuna kitu hapa hakijakaa sawa, na huenda kitu hicho ni mimi. Waliponiita, "Mama Poni, wewe uliishi naye, sema neno," nilisimama, nikasema alikuwa mtu msafi, nikakaa. Wakadhani machozi yamenizidi. Shule yangu iliishia darasa la sita, na maneno ya kusimama mbele za watu hayanijii. Yananijia baadaye, nikiwa peke yangu na kalamu, na hata hapo nayashuku. Kwa hiyo naandika hapa nilichoshindwa kusema pale, nikijaribu kumtendea haki Akello, na wale waliotaka kumfukuza, na mimi mwenyewe pia, ingawa kwa huyo wa mwisho sina uhakika nitaweza.

Ulikuwa mwaka wa pili wa amani. Ya nyumbani kwetu na jinsi nilivyorudi kutoka Kenya nayaacha, kwa kuwa kila mtu wa Juba ana hadithi ya kurudi na nyingi zinafanana. Nilikuwa msichana wa kazi kwa Mama Birungi, mwanamke wa Hoima mwenye sauti ya kusimamisha lori, aliyekuwa na hoteli yake pale Juba Port, bandari ya mto Nile. Ukisikia hoteli usifikirie ghorofa. Ilikuwa rakuba, yaani kibanda cha miti na turubai, majiko ya mkaa, mabenchi, na moshi. Tulipika maharagwe, chapati, samaki, na asida, ugali wa kwetu, kwa wale waliosema bila asida hawajala. Majahazi ya chuma yalipofika kutoka kaskazini yakiwa yamejaa watu na magodoro yao, wapagazi walikula kwa kukimbizana, mkono mmoja kwenye sahani na jicho moja kwenye mzigo. Kulala nililala mtaa wa Buluk, nyuma ya nyumba ya Mama Birungi, katika chumba cha mabati ambacho jua likipanda kidogo tu ukuta wake ulikuunguza ukiugusa. Mlikuwa na vitanda viwili na leso iliyoning'inizwa katikati. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu mpaka siku ile Mama Birungi alipoingia na mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye begi moja na sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa.

"Poni, huyu ni Akello," alisema. "Mimi naleta yeye jikoni. Yeye iko mtu ya kunyamaza. Wewe iko na maneno ya watu wawili. Nyinyi mtatoshana."

Asubuhi ya kwanza nilifungua macho nikamkuta ameketi sakafuni, uso umeelekea ukutani, mikono juu ya magoti. Nilidhani ni mgonjwa. Nikamuuliza kama nimwite Mama. Akasema hapana, "Mimi nakaa tu. Nasikiliza pumzi. Halafu nashukuru Mungu." Nikamwambia watu huomba kwa kusema, na wakizidiwa huomba kwa kupiga kelele, ndivyo nilivyozoea mimi. Akageuka akaniangalia kwa upole ambao sikuupenda. "Mimi naongea, Mungu anaongea, sasa nani atasikiliza?" Nilipokuwa nanawa uso nje niliwaza kwamba mtu akikujibu vizuri hivyo kabla hata hajanywa chai, basi amefanya mazoezi mahali fulani.

Na chai hakunywa. Hilo ndilo nililoligundua siku ileile. Akello hakuweka kitu mdomoni kutoka jua linapotoka mpaka linapozama, isipokuwa maji, na maji yenyewe lazima yawe yamechemshwa na awe ameyachemsha yeye. Jioni alikula mara moja, polepole, akitafuna mpaka mimi nikachoka kumtazama. Hakula sukari, hakugusa nyama. Sababu yake aliniambia mara moja tu, siku moja tukichambua maharagwe. Kwenye kambi ya wakimbizi kwao Gulu, wakati wa vita vyao, siku ya kugawiwa chakula, alimnyang'anya mzee mmoja sahani mkononi, akala amempa mgongo. "Njaa iliniambia nyang'anya, mimi nikatii kama askari," alisema. "Sasa nataka njaa ije kila siku, iseme, na mimi nakaa tu." Niliguswa. Baadaye nikawaza kwamba ilikuwa hadithi nzuri mno. Tena sisi wengine tulikuwa tumetoka kwenye njaa ya kweli, ndiyo kwanza tunaonja sukari ya kutosha, na katika mji wa namna ile kumwona mtu mzima anachagua njaa kwa hiari yake kulikuwa kama kumwona mtu anarudi kwa miguu mahali ambapo sote tulipakimbia. Huwezi kuacha kujiuliza amesahau nini kule.

Jikoni ilikuwa ajabu zaidi. Nimewaona wapishi wengi maishani na sijamwona mwingine aliyepika kutwa bila kuonja. Alikuwa akiinama juu ya sufuria, anavuta mvuke puani, anatulia, kisha anasema "inatosha" au "bado chumvi." Na kweli ilikuwa inatosha. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kama angekosea mara mojamoja ningemwamini zaidi. Kisha akaanza kupika ule uji wake, wa mtama na ukwaju, usio na chembe ya sukari, akiutia unga wa kijani wa majani ya mlonge aliokuja nao kutoka kwao. Wapagazi walikunja sura.

"Dada, sukari imekwenda wapi?" mmoja aliuliza.

"Iko likizo. Meno yako yameomba."

Akawa na masharti pia. Hakumpa mtu kikombe akiwa amesimama. "Keti kwanza," alisema kwa kila mmoja, na mtu alitakiwa akishike kikombe kwa mikono miwili mpaka pumzi itulie, ndipo anywe. Walimcheka sana. Wakamwita Keti Kwanza. "Sasa huu uji tunaunywa au tunafunga nao ndoa?" walisema, lakini waliketi. Siku za jua kali niliwaona wanaume wakubwa, jasho linawadondoka, wameshika vikombe vya plastiki kimya kama wako komunyo, na bandari inapiga kelele nje. Naomba niseme hili kwa haki: walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Labda ni kwa sababu ya ule utulivu. Labda ni kwa sababu uji wa mtama hukaa tumboni mpaka jioni. Mimi mwenyewe nilikuwa na kiungulia cha muda mrefu, na nilipoanza kumwiga kutafuna polepole, kikaondoka. Lakini wakati huohuo tulikuwa tumeanza kuchemsha maji yote, kwa hiyo sijui nishukuru meno yangu au moto.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, maana anayesoma huenda ni wa mbali. Kwetu anayempa mtu kinywaji hunywa yeye kwanza, kidogo, mbele ya macho ya mgeni, ndipo anamkabidhi. Soda hufunguliwa mbele ya mnywaji. Chungu cha pombe, mwenye chungu huanza. Hakuna anayetamka neno sumu, ingekuwa matusi, lakini kila mtu anajua lile funda la kwanza ni la nini. Watu wamezikwa kwa sababu ya vikombe, au ndivyo inavyosemwa, na panaposemwa hivyo hakuna anayesubiri ithibitishwe. Bandarini mambo yalikwenda kwa sababu Mama Birungi, kama mwenye hoteli, alikunywa upawa wa kwanza wa kila sufuria mbele ya wateja, akapangusa mdomo na kusema, "Haya, mimi bado iko hai, kuleni." Watu wakacheka, wakala. Kwa hiyo kule hakuna aliyegundua kuwa mpishi mwenyewe hagusi. Mimi niligundua. Na nikishagundua kitu, siwezi kukiacha.

Nilianza kumchunguza, na sikuipenda kazi hiyo lakini niliifanya vizuri. Siku moja akiwa kisimani niliinua godoro lake nikakuta mfuko wa nailoni wenye ule unga wa kijani. Nilitia kidole, nikanusa. Ulinuka majani. Nikajiambia, unga wa majani ni unga wa majani. Kisha nikajiambia, na sumu pia hutoka kwenye majani. Niliurudisha kama ulivyokuwa. Kitu kingine kilichonisumbua ni kwamba hakusengenya. Tukikaa kusuka nywele, mimi na wasichana wa nyumba za jirani, tunamchambua mke wa fulani kuanzia kisigino mpaka utosi, yeye alitabasamu tu, akiulizwa anasema, "Sijui moyo yake." Ukiishi na mtu ambaye hasemi vibaya juu ya yeyote, unaanza kujiuliza hayo mabaya ameyaweka wapi. Nikiangalia kutoka hapa nilipo leo, naona huenda hakuwa ameyaweka popote. Lakini leo ni rahisi. Wakati ule kila mtu Juba alikuwa ametoka upande fulani wa vita, na mtu mkimya ulimhesabu kuwa anaficha upande wake.

Mama Birungi alipokwenda Uganda kuleta mchele na maharagwe, hoteli ilifungwa na sisi tukabaki nyumbani Buluk. Akello alipika uji wake kwenye ile sufuria ndogo. Ng'ambo ya uzio wa matete aliishi bibi mmoja ambaye sote tulimwita Haboba, yaani nyanya, mwenye macho hafifu na ulimi mkali, pamoja na mwanawe Wani aliyekuwa askari. Haboba alisikia harufu ya ukwaju akaita kutoka kwake, "Wewe mtoto wa watu, hicho unachopika ni cha kunusa tu?" Mimi nilikuwa nafua. Nilimwona Akello akijaza kikombe, akakibeba kwa mikono miwili kama alivyobeba kila kikombe, akapita penye mwanya wa uzio, akapiga goti kwa heshima, akampa. Hakukigusa na midomo.

"Dada," nilisema, sabuni ikinitiririka mkononi. "Hujaonja."

"Jua bado iko juu, Poni."

"Basi ungeniita mimi nionje."

Lakini Haboba alikuwa ameshakunywa nusu, akikunja uso kwa ukali wa ukwaju na kusema kwamba waliomnyima sukari mtoto huyu Mungu awaone.

Asubuhi yake Haboba alikuwa anatapika na tumbo linamwenda. Niwe mkweli, majira yale nusu ya mji ilikuwa inaharisha. Maji yalichotwa mtoni na malori na kuuzwa yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Lakini wengine wote walioharisha hawakuwa wamepewa na mgeni kikombe kisichoonjwa, mbele ya shahidi. Wani alikuja kabla hatujamaliza kufagia. Alikuwa amevaa suruali ya kijeshi na ndala, na hakupiga kelele, jambo lililoniogopesha zaidi.

"Nani alimpa mama yangu kinywaji?"

"Mimi," Akello alisema.

"Ulionja?"

"Hapana. Mimi nafunga."

Wani alicheka bila kufungua mdomo. "Yeye anafunga. Mama yangu anatapika."

Naye ana haki yake katika habari hii. Baba yake, watu walisema, alikufa baada ya kunywa kwenye arusi. Wani alikuwa porini na bunduki wakati huo, na aliporudi kwa amani alikuta amebaki na mzazi mmoja. Ningekuwa yeye, ningekuja pia, na sijui kama ningekuja bila fimbo.

Mzee Tombe, mkubwa wa mtaa, aliita kikao mchana uleule, uani kwetu. Watu walikuja na viti vyao vya plastiki kama wanaokuja msibani. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa. Kikao kilikwenda kwa Kiarabu cha Juba, mimi nikawa namtafsiria Akello, na hapa nayaandika kwa Kiswahili. Nikikosea neno, kosa ni langu. Ile sufuria ndogo iliwekwa katikati. Ilikuwa na uji wa jana, ambao jioni hatukuugusa kwa kuwa tulikula maharagwe, nao ulikuwa umekwisha kuchacha, na nzi wawili watatu. Mzee Tombe alizungumza kwa upole. Alisema hakuna anayemshtaki mtu. Alisema dada huyu anywe mbele ya wote, papa hapa, na akinywa maneno yameisha. Asipokunywa, aondoke Juba leo jua likiwa bado linaonekana, kwa sababu likishazama yeye kama mzee hawezi kujibu juu ya watakachofanya vijana. Hakumtazama Wani aliposema vijana. Hakuhitaji.

Nilimtafsiria Akello neno kwa neno. Akatulia vile alivyotulia ukutani asubuhi. Kisha akasema, "Waambie nitakunywa. Sufuria yote. Jua ikienda tu."

Niliposema hivyo uwanja uliguna. Kwetu inaaminika kwamba mtoa sumu anayo dawa yake, na ukimpa nafasi ataimeza kwanza ndipo anywe mbele yako akicheka. Mtu anayesema nitakunywa baadaye amejihukumu. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Mnaona? Anaomba muda!" na mwingine akajibu kwamba hata nyoka hufunga, hukaa miezi bila kula, lakini usimwekee kidole. Mzee Tombe akanigeukia.

"Poni, binti yangu, wewe unalala naye, unapika naye. Umewahi kumwona akionja alichopika kabla ya kumpa mtu?"

Bado nalisikia swali hilo. Ningeweza kusema ndiyo. Watu kadhaa tangu hapo wameniambia kwamba ningesema ndiyo, na sijui kwa nini hainisumbui kwamba sikusema. Nilisema, "Hapana, Mzee. Sijawahi kumwona." Wakapiga kelele. Nikapaza sauti juu ya kelele zao nikasema kwamba pia sijawahi kumwona akila chochote mchana, hata cha kununua, hata cha kupewa, hata embe. Sehemu hiyo haikusikika. Lakini Akello, ambaye alielewa Kiarabu zaidi kuliko tulivyodhani, aliniangalia na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake limetamkwa sawasawa.

Nikamsogelea. "Dada, kunywa," nilimnong'oneza. "Funda moja. Mungu anajua hali yako."

"Mungu anajua. Lakini leo mimi nakunywa kwa sababu ya woga, kesho woga itaniambia nini tena?" Alitazama sufuria. "Njaa ilinituma mara moja, Poni. Sitaki bosi mwingine. Wacha nifunge begi."

Nilimkasirikia vibaya mno. Niliona kiburi. Nikiwaza leo, kiburi kidogo bado nakiona, sitamwondolea kwa kuwa amekufa. Mtu ana maisha yake na wenzake wanaomtegemea jikoni, na anakataa kumeza uji kijiko kimoja! Lakini niliona pia mikono yake, ambayo ilikuwa imekamata pindo la nguo yake na haiachi, na nikaelewa kwamba woga anao, tena mwingi, ila anakaa nao tu. Na barabara ya kwenda Uganda alasiri ile, mwanamke peke yake, huku maneno yameshamtangulia mpaka kituo cha basi, haikuwa njia ya kutegemea kufika. Kila mtu pale uani alilijua hilo.

Nikachukua upawa. Natamani niandike kwamba nilimwamini. Sikumwamini. Niliuona ule mfuko wa nailoni chini ya godoro wazi kabisa akilini, na kidole changu kikinuka majani. Nilichota na kunywa kwa sababu nilikuwa nimechoka kutokujua, na sikuona njia nyingine ya kujua. Uji ulikuwa mchungu kwa kuchacha na moto kwa jua. Niliumeza wote. Nikawaonyesha upawa.

Wani akasema, kwa sauti ileile ya chini, "Huyu analala naye chumba kimoja. Atakuwa ameshampa dawa zamani."

Na watu wakaitikia kwa vichwa. Naapa, hata mimi mwenyewe, kwa muda mfupi, nilijiuliza kama nimewahi kupewa kitu bila kujua. Ndipo nilipoona kwamba shaka haina sakafu. Ukitupa kitu ndani yake unasubiri usikie kikigonga, na husikii.

Mlio uliosikika ulikuwa wa uzio. Haboba alikuwa amesimama penye mwanya, ameshika matete, kichwa wazi, nguo imemlegea kwa kukonda usiku mmoja.

"Mnafanya nini na uji wangu?"

"Mama, rudi ulale," Wani alisema, ameshainuka.

"Nilale na nini? Mdomo umekuwa mchanga. Mmejaa hapa mnahukumu, na tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyeniletea maji." Alivuka uani akipapasa viti vya watu, na watu wakampisha. Akafika kwenye sufuria. Wani akaweka mkono juu ya mdomo wa sufuria.

"Mama, hii ni sumu."

"Kama ni sumu, ninayo tayari ndani. Kama si sumu, nina kiu. Wani, toa mkono."

"Haboba," Mzee Tombe aliuliza kwa heshima, "jana ulikula kitu gani kingine?"

"Nilichokula ni changu. Sitauliza na wewe ulichokula." Akamgeukia tena mwanawe. "Toa mkono, wewe. Au unataka kunionjea?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta. Wani alisimama pale, askari aliyevuka mito mingi, mkono juu ya sufuria ndogo ya uji, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezama. Naamini kwa muda ule alitamani anywe yeye. Hakuweza kumzuia mama yake kwa nguvu mbele ya watu, na hakuweza kumwacha. Mwishowe mkono ulitoka wenyewe. Haboba alikunywa kwa upawa, mara mbili, akasema umechacha, na akaomba maji. Akello ndiye aliyemletea, yale ya kuchemsha, akapiga goti. Hakuyaonja. Haboba aliyanywa, maji yakimtiririka kidevuni.

"Khalas, yamekwisha," Mzee Tombe alisema. "Mwenye tumbo amesema." Watu wakainua viti vyao. Hakuna aliyesema Akello hana hatia. Hakuna aliyeomba radhi. Yule mwanamke wa nyoka aliondoka akisema tutaona kesho, na kusema kweli mimi pia nilikuwa nasubiri kuona kesho.

Mchana ule uliobaki nililala kitandani nikisikiliza tumbo langu. Sijawahi kulisikiliza kwa makini namna ile. Kila lilipounguruma nilikaa, kila liliponyamaza niliogopa kunyamaza kwake. Nilitega sikio ng'ambo ya uzio pia, na Haboba alipokohoa au kumtukana mtu nilipumua. Nje Akello alikuwa anafagia mahali palipokuwa na viti. Fagio lilikwenda bila haraka, kama siku zote. Hakuja kunishukuru. Nililala pale nikimshuku hata kwa hilo, nikijiuliza ni mtu gani ambaye mwenzake amemnywea kikombe cha kifo halafu anashika fagio. Jasho lilinitoka, mabati yalilialia kwa joto, na nje nikasikia mkaa unawashwa, kisha harufu ya mtama.

Jua lilipozama aliingia na sufuria ile ndogo, imeoshwa, ina uji mpya, na vikombe viwili. Aliketi sakafuni, akamimina, akafumba macho kidogo, kisha akakiinua kikombe mbele yangu na kunywa. Hakupiga funda moja. Alikunywa mpaka kikaisha, koo likipanda na kushuka, uji ukimbaki juu ya mdomo. Nilielewa anachokifanya, au nilidhani nimeelewa, na nikaona aibu kwa ajili yetu wote.

"Dada," nilisema, "huna haja ya kunionjea. Mimi nilishakunywa mchana."

Aliniangalia kama mtu asiyejua ninazungumza habari gani. Akajaza kikombe tena, chake, kabla ya changu.

"Nani anaonjea wewe?" alisema. "Mimi iko na njaa."